Makumbusho ya viwanda Mtwara: bosi ana jina, mbanguaji hana!

Wakuu, jana nimelala na hasira na leo nimeamka nazo, kwa hiyo mtanivumilia.

Nilimpeleka bibi yangu mzaa mama kwenye makumbusho moja hapa Mtwara mjini. Jina silitaji, wenyeji mtajijulia. Tumetoka Newala na basi la alfajiri, na ile miguu yake inayovimba, kisa niliona bango la "historia ya viwanda na wafanyakazi wa Kusini". Bibi kabangua korosho miaka kumi na miwili. Nikasema leo anaenda kujiona.

Ajione wapi? Ukuta wa kwanza wote ni ule mradi wa karanga wa Waingereza, 1947 hadi 1951. Matrekta, bandari, mameneja wa Kizungu na majina yao matatu matatu, vyeo juu. Chini yao vijana vifua wazi wamebeba mataruma ya reli ya Nachingwea. Wameandikiwa "Vibarua." Basi! Halafu eti mradi ulikufa kwa sababu wenyeji "hawakuzoea kazi za mashine". Jamani! Pauni zaidi ya milioni 30 zimeteketea, kule Kongwa, Dodoma, mradi ulikoanzia, udongo ukikauka ni saruji, matrekta yenyewe mabaki ya vita, bandari ya Mtwara imekuja kukamilika 1954 mradi umeshazikwa, halafu mwenye kosa ni kibarua?

Korosho wameipa kona, karibu na choo. Viwanda vya miaka ya 1970, mkopo wa Benki ya Dunia, mitambo ya Italia na Japani, hayo yote yapo. Kwamba vingi vilifungwa vikageuka maghala, kimya.

Sasa kilichonitibua. Pale kuna mashine ya kubangulia, ile ya mkono na mguu. Kibao kinasema "Mashine ya kukamulia mafuta". Bibi kacheka mpaka kashika ukuta. Akasogea anionyeshe: "Mjukuu wangu, hapa unakanyaga, huku unavuta, ganda linaachia. Ukiikosea inavunjika, na ya kuvunjika hela yake ndogo." Mguu haujafika, kijana wa pale kadakia: "Bibi, haturuhusu kugusa."

Sawa, sheria ni sheria. Nikamwambia basi andika anachosema huyu mama, mrekebishe kibao. Akanijibu, "Hivyo vimeandikwa na wataalamu." Bibi akamnyooshea vidole, akamweleza mafuta ya ganda yanavyobabua, walivyokuwa wanajipaka majivu. "Pole bibi," macho kwenye simu.

Kwenye kitabu cha maoni nimejaza ukurasa mzima. Bibi macho hayamruhusu kuandika, akaweka dole gumba. Limetoka doa tu, mistari hakuna.

Kuna anayemjua mhusika wa vibao pale? Kile cha mashine nataka kitoke kabla msimu haujafunguliwa, na nauli ya kumrudisha bibi kusimamia marekebisho natoa mimi.