Koyote nyuma ya jengo letu

Mama Neema: Shikamooni wakubwa, na habari za asubuhi majirani. Leo alfajiri, nilipokuwa nikimsindikiza Neema kituoni kusubiri basi la shule, tulimkuta koyote, yule mnyama mwitu wa jamii ya mbwa, amesimama kando ya mapipa ya taka, akatutazama kwa muda, kisha akaondoka taratibu kupitia upenyo wa uzio. Hofu imenishika. Ninaomba tuiandikie manispaa ije imwondoe.

Baba Juma: Pole sana, Mama Neema. Barua hiyo nitaitia saini.

Mzee Hamisi: Marahaba, mwanangu, na poleni kwa mshtuko. Ninaomba mnisikilize kwanza. Hapa Chicago tunaishi na koyote siku nyingi: tangu mwaka 2000, watafiti wakiongozwa na Stanley Gehrt wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio wamekuwa wakiwavisha koyote wa Kaunti ya Cook kola zenye redio ili kufuatilia nyendo zao, na walipochunguza vinyesi vyao walikuta zaidi mabaki ya panya wadogo, kisha matunda, kulungu na sungura, huku mabaki ya paka yakiwa haba mno. Mimi mwenyewe hukiona kinyesi hicho njiani msituni, kimesokotwa kama kamba, kimejaa manyoya ya kijivu na kokwa za cheri. Hata wale bata bukini wanaochafua bustani yetu wangekuwa wengi zaidi kama koyote wasingekula mayai yao.

Rehema: Lakini Mzee, je, hawajawahi kumdhuru mtu?

Mzee Hamisi: Wamewahi, wala sitaficha, mwaka 2009 walimuua msichana mmoja huko Nova Scotia, Kanada. Matukio ya namna hiyo ni nadra sana, na koyote wa mjini huanza kuwa jasiri pale watu wanapomzoesha chakula. Kumuua huyu hakutatusaidia, kwa sababu koyote huishi dume na jike wakilinda eneo lao, na eneo likibaki wazi huja wengine. Tujiulize kilichomleta: pipa la pili halina mfuniko, na kwenye ngazi za nyuma kuna bakuli la chakula cha paka usiku kucha.

Baba Juma: Bakuli hilo ni langu, Mzee. Nimeshaliingiza ndani, na paka naye atalala ndani.

Mama Neema: Nikikutana naye tena kesho nifanye nini?

Mzee Hamisi: Usikimbie wala usimpe kisogo. Mshike Neema mkono, inua mkono mwingine juu, piga kelele kwa sauti nzito, na usinyamaze mpaka atoweke kabisa. Huu ni mwezi wa Aprili, wakati wa kuzaa, hivyo huenda ana watoto karibu na reli. Tusipite huko na mbwa mpaka wakue.

Mama Neema: Nimeelewa, Mzee. Barua nitaiandika jioni hii, ila nitaomba mfuniko wa pipa na uzio uzibwe.