Gumzo la ukoo: Dodoma kwa treni au kwa Coaster?

Mama Nasra: Assalam aleikum ukoo. Harusi ya Hamisi ni Jumamosi, Dodoma. Nimeshaongea na mwenye Coaster, sasa ni kuchanga tu. Tunaondoka Mbagala, Dar, saa 10 alfajiri. Atakayechelewa atatukuta huko.

Zai: Shikamoo mama mdogo. Kwani kwa nini tusipande treni mpya ya umeme?

Mama Nasra: Marahaba. Treni, ukoo mzima huu? Nani analipa?

Zai: Nauli iliyotangazwa ilipoanza 2024 ni 31,000 daraja la kawaida mpaka Dodoma, ile ya haraka 40,000. Mtoto chini ya miaka 4 bure, mpaka 12 nusu. Coaster tunachanga ngapi?

Mama Nasra: Elfu 35 kila mkubwa. Na hapo dereva hajala.

Juma: Dereva wa Coaster anakula kuliko gari lenyewe linavyokunywa mafuta 😂

Baba Mkubwa: Juma, salamu ziko wapi?

Juma: Shikamoo baba mkubwa. Nisamehe, macho yalikuwa bado.

Baba Mkubwa: Marahaba. Endeleeni.

Zai: Tena siangalii hela peke yake. Mfikirieni bibi. Safari iliyopita tulimpandisha basi, magoti yalivimba kama maandazi. Kila baada ya muda anataka kuchimba dawa, konda anamwambia avumilie mpaka Gairo. Mtu mwenye sukari unamwambia avumilie! Treni choo kimo ndani, anainuka ananyoosha miguu, masaa manne hivi keshafika.

Zai: Bibi yuko hapa pembeni yangu. Anasema niandike kwamba yeye atapanda ile yenye pua.

Juma: Mchongoko, ile treni ya haraka! Bibi ana viwango 😂😂

Mama Nasra: Zai mwanangu, hayo masaa manne ni ya kwenye kiti. Stesheni wanataka uwe umefika masaa mawili kabla. Kutoka Mbagala mpaka mjini na mabegi ya bibi utachukua teksi. Ukishuka Dodoma, stesheni haiko katikati ya mji, bajaji tena. Jumlisha. Coaster inakutoa mlangoni inakushusha mlangoni.

Zai: Nimejumlisha, yanakuja saba. Coaster ni tisa, na hapo uombe Mungu foleni ya Kimara mpaka Chalinze ilale. Halafu vibao vya 50 kila kijiji, trafiki chini ya kila mwembe.

Juma: Ila na treni nayo ina mambo yake. Mmesahau 2024 ilivyosimama njiani, shirika la reli likasema hitilafu ya umeme, kisa ngedere na bundi?

Zai: Basi likipasuka tairi Dumila nani anakutolea tamko? Unakaa kwenye majani, mnaangaliana.

Baba Mkubwa: Niseme kidogo, mimi ujana wangu nimeula kwenye reli ya kati. Reli ya Mjerumani ilifika Dodoma 1910, Kigoma 1914. Tulikuwa tunapanda Dar jioni tunalala humohumo, na mtu aliona ni starehe. Leo treni ya umeme inakimbia mpaka 160 kwa saa. Sina ugomvi nayo, nimeipanda, imetulia hata chai haimwagiki. Ila msidhani 31,000 ndiyo bei yake. Vipande viwili tu, Dar–Morogoro na Morogoro–Makutupora, mbele ya Dodoma, vimekula zaidi ya dola bilioni 3, na sehemu kubwa ni mkopo. Abiria peke yake hawezi kuulipa. Reli nyingi hulipwa na mizigo. Makontena yasipopita ya kutosha, tofauti hiyo anailipa mlipakodi, hata wa Mtwara ambaye hajui treni inalia vipi.

Juma: Baba mkubwa, na lami nani kalipa? Basi halikujenga barabara.

Baba Mkubwa: Basi linalipa tozo kwenye kila lita ya mafuta.

Juma: Linalipa, ila na malori yanayotoboa barabara kila masika je? Hiyo mizigo ikihamia relini, si lami nayo inapumua?

Baba Mkubwa: Hapo umesema. Kumbe ukiamka vizuri una akili.

Salma (Mombasa): Shikamooni wakubwa. Huku twaijua hiyo habari. Madaraka Express, treni yetu ya Nairobi, ilipoanza 2017 nauli ilikuwa 700 za Kenya, ikawa 1,000, na tangu 2024 ni 1,500. Mkianza na bei ya chini msiizoee. Na stesheni zenyewe: watoka mjini hadi Miritini, ukifika Nairobi washushwa Syokimau, utafute treni nyengine ikuingize mjini. Hata hivyo sikukuu ikikaribia tikiti huzioni. Watu waipenda, wallahi. Mimi sirudi kwenye basi la usiku.

Salma (Mombasa): Lakini waulizeni watu wa Mtito Andei na Mariakani. Malori yalipopungua, hoteli za njiani zilifunga.

Shangazi (Gairo): Nimesoma yote kimya, nilikuwa nachambua mchele. Haya. Salma umesema kweli.

Zai: Shikamoo shangazi 🙈

Shangazi (Gairo): Marahaba. Nyie mnahesabu masaa, mimi nahesabu sahani. Basi likisimama hapa ni dakika 20, watu wanashuka mbio, nusu chooni nusu kwangu. Zamani nilikuwa nakaanga kuku kabla basi halijaonekana, maana nilijua wataisha. Waliokuwa wananunua kuku mzima ni watumishi wa wizarani, wenye posho ya safari. Hao ndio wa kwanza kuhamia treni. Waliobaki kwenye basi wananunua mahindi ya kuchemsha na maji ya bei rahisi. Sasa hivi nasubiri basi lipige breki ndipo niwashe jiko.

Shangazi (Gairo): Na reli yenyewe haipiti huku. Kutoka Morogoro inakata Kilosa, inaingia kwenye mahandaki ya milimani, inatokea Gulwe. Gairo, Kibaigwa, hata honi hatuisikii. Kwa hiyo mkiamua treni, mimi nipandie wapi? Nirudi nyuma mpaka Morogoro ndipo niende mbele Dodoma?

Mama Nasra: Wifi, pole. Kwa kweli hilo sikulifikiria.

Juma: Mimi ningefurahi reli ipite Gairo kwa ajili ya kuku tu.

Shangazi (Gairo): Ingepita isingesimama. Wewe ulishaona treni ya haraka ikisimama kwa ajili ya kuku?

Baba Mkubwa: Dada yangu, sikukatalii. Ila mama yetu magoti yake ni magoti. Tugawane. Mama, mimi, Zai na watoto wadogo tupande treni. Vijana na sufuria, mchele na viti waende na Coaster, wakupitie wewe hapo, na wale kwako. Walipe, si kula tu kwa undugu.

Mama Nasra: Nakubali shemeji. Na mizigo kwenye treni ina kikomo, kwa hiyo masufuria yasingeenda vyovyote. Ila abiria wa Coaster wakipungua mchango unapanda. Mwenye gari hapunguzi kitu.

Zai: Sisi wa treni tuchangie 5,000 kila mmoja kwenye Coaster. Masufuria ni ya wote.

Baba Mkubwa: Elfu 10. Mtakaa kwenye kiti cha kulala nyuma halafu mnabana senti.

Shangazi (Gairo): Mnakuja wangapi nijue kuku?

Mama Nasra: Kumi na wawili wifi. Pilipili weka pembeni, mkwe wa Juma ana vidonda vya tumbo. Wa treni, nitumieni inboksi majina kama yalivyo kwenye kitambulisho na namba ya NIDA, si majina ya mtaani. Nakata tikiti kesho, za wikiendi zinaisha haraka.

Juma: Mama mdogo, treni wanaruhusu jogoo? Nina zawadi ya bwana harusi.

Mama Nasra: Juma wewe uko Coaster. Na jogoo wako pia.