Nyumba ya sanaa Mafinga: fundi katuchorea ukumbi wa watu 400, nishaurini

Mwanamsitu: Wakuu, habari za humu. Kikundi chetu hapa Mafinga tumepata kiwanja, ndani kidogo kutoka barabara kuu ya Iringa–Mbeya. Tupo wa ngoma, wachoraji, wachonga vinyago na akina mama wa vikapu vya majani ya milulu. Mji unakua, malori ya mbao hayaishi, ila kijana akitaka kujifunza gitaa anaishia baa. Fundi katuchorea ukumbi wa watu 400 wenye jukwaa. Mwenyekiti kashaupenda. Mimi roho inasita.

Binti Kalenga: Ukumbi huo utameza hela yote, halafu mwaka wa pili ni wa harusi na vikao vya kamati. Kwetu nimeyaona. Jiulizeni, Jumanne saa nne asubuhi nani atakuwa humo? Anzeni na chumba cha mazoezi, karakana na baraza pana. Ukipita Iringa mjini ingia Boma, lile jengo la Wajerumani lililofanywa makumbusho 2016. Vyumba vya kawaida tu, na watu wanaingia.

Fundi Randa: Mmesahau mvua. Novemba hadi Aprili, bati tupu likianza kupigwa humsikii hata mtu wa ngoma. Wekeni dari ya mbao. Paini za msitu wa Sao Hill ziko mlangoni kwenu, ila zitiwe dawa. Wachonga vinyago wakae mbali na wachoraji, vumbi la msasa halina adabu. Wachoraji wapeni madirisha ya kusini: Juni na Julai jua linapita kaskazini, kwa hiyo huku mwanga unatulia. Kaskazini wakae akina mama, waote jua na kuanika milulu. Baridi ya huko mnaijua wenyewe.

Mzee wa Ulanzi: Na ulanzi, pombe yetu ya mianzi, utauzwa upande upi?

Mama Pacha: Mzee, tulia. Choo kiwe karibu, akina mama wanakuja na watoto. Na mlango mmoja usiwe na ngazi. Halafu ramani ipite halmashauri kabla hamjachimba msingi, ichorwe na mbunifu majengo aliyesajiliwa. Fundi abaki na kujenga.

Mwanamsitu: Asanteni sana. Hiyo ya jua sikuwahi kuiwaza. Mzee wa Ulanzi, nyuma ya kiwanja kuna mianzi, vumilia. Mwenyekiti nimempelekea swali la Jumanne. Kanyamaza kidogo, akaniambia, "Jumanne mimi huwa shambani."