Tupeane uzoefu: kilainishi cha nguo katika mashine ya kufulia ya pamoja

Mkazi wa Ntinda: Ndugu zangu, katika jengo letu kuna mashine moja ya kufulia inayotumiwa na kaya sita, na umeme wake tunaulipia kwa kuchangia Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla hapa Uganda. Kwa miezi mingi nilidhani sabuni ndiyo inayomwasha mwanangu ngozi, nikaibadilisha mara tatu bila nafuu, hadi siku nilipoivuta droo nikakuta utelezi wa samawati wenye manukato makali, ilhali mimi situmii kilainishi kabisa. Jirani anayefua kabla yangu hukimimina kupita alama, na kile kinachoganda humo huingia katika maji ya kusuuzia nguo zangu. Je, wenzangu mmelimalizaje jambo hili?

Mwanafunzi, Kikoni: Katika hosteli yetu mkosaji nilikuwa mimi. Nilikuwa nikikichanganya kilainishi na sabuni tangu mwanzo, nikiamini kwamba naokoa muda, kumbe chembe za viwili hivyo zina chaji zinazopingana, hivyo hushikana majini, sabuni ikapungukiwa nguvu na nguo zikatoka na mabaka kama ya mafuta. Aliyefua baada yangu aliyakuta mabaka hayo kwenye shati lake jeupe la mahafali, nami nikamlipia dobi. Kilainishi kina kijisehemu chake, mara nyingi chenye alama ya ua, na mashine hukichukua yenyewe inaposuuza mara ya mwisho.

Mama wa Jinja: Pole kwa mtoto, dada. Mimi ninatunza nyumba ya wageni, na mgeni mmoja aliwahi kuniambia kwamba taulo zetu ni laini sana ila hazikaushi mwili. Alisema kweli, kwa sababu kilainishi huacha utando wa mafuta juu ya nyuzi, na utando huo huzuia maji kunyonywa. Nilikiacha, nikazifua kwa maji ya moto mara kadhaa, zikarudi hali yake. Isitoshe, hapa kwetu nguo zinazoanikwa nje lazima zipigwe pasi ili kuua mayai ya nzi wa maembe, ambao funza wao huingia katika ngozi ya mtu, na pasi hiyohiyo huondoa ule ukakamavu wa jua; kwa maoni yangu, wengi wetu tunanunua harufu tu.

Mkazi wa Ntinda: Mrejesho: tumekubaliana kwamba droo itolewe na kuoshwa kwa maji ya moto kila Jumamosi, na anayetaka kilainishi azitoe nguo zake zikiwa zimeshafuliwa, kisha azisuuze nacho katika beseni lake. Ngozi ya mtoto imetulia. Jirani ameukubali utaratibu huo bila kinyongo, ingawa juzi kwenye kamba ya kuanikia aliniuliza, kwa upole kabisa, kama nina hakika kwamba nguo zangu zimefuliwa.