Kaa wa Msimbazi: marufuku sokoni, au tuache kula kile cha chini ya gamba?

Wakuu, heshima kwenu. Kuna hoja imezuka kijiweni: kaa koko wanaotegwa mdomoni mwa mto Msimbazi, pale daraja la Selander, Dar es Salaam, wapigwe marufuku sokoni, eti kwa kuwa vimeng'enya vyao (protini zinazoendesha kazi za mwili) vimevurugwa na metali nzito. Napinga. Sisemi mto ni msafi. Ya mchicha wa bonde lile kukutwa na metali nzito tumeyasikia sote.

Vimeng'enya vinakuambia hali ya kaa, havikuambii hali ya sahani yako. Metali ikimwingia, vile vya kujikinga na sumu mara nyingi hupanda kwanza, halafu huchoka vikashuka. Sasa vipimo hivyohivyo hupanda na kushuka kwa joto la maji, kwa chumvi kupungua masika, hata kwa kaa kujivua gamba (kaa, si CCM ya 2011). Mpime kaa wa Msimbazi mwezi wa Aprili, umlinganishe na wa Rufiji wa Januari: hapo umepima mvua.

Wengine wanashtuka kusikia kaa ana shaba. Lazima awe nayo! Damu yake hubeba oksijeni kwa shaba kama yetu kwa chuma, ndiyo maana ina rangi ya buluu. Kadimiamu, metali yenye sumu, ndiyo ya kuulizia, tena uulize imekutwa sehemu gani ya kaa. Vunja gando, utakuta nyama nyeupe. Bandua gamba la mgongoni, utakuta ule uji wa kahawia ambao wengine wanaufutia ugali kwa kidole. Humo ndimo kaa anakolimbikiza kadimiamu, na kuchemsha hakuiondoi, kwa sababu metali haiungui. Ulaya kikomo chao ni miligramu 0.5 kwa kilo, kwa nyama nyeupe tu. Ule uji haumo kwenye kikomo hicho, na mwaka 2011 Tume ya Ulaya iliwatahadharisha walaji kuhusu huo.

Kwa hiyo langu ni hili: tupime nyama mbali, uji mbali, na watu waambiwe waziwazi wautupe, hasa wajawazito na watoto. Vimeng'enya viendelee kupimwa kama kengele ya kuamsha wanaotiririsha maji machafu mtoni, maana hao ndio wa kubanwa.

Mnaotaka marufuku, nijibuni moja tu. Kaa akishafungwa magando na kutupwa kwenye tenga pale soko la samaki la Feri, katikati ya wenzake wa Rufiji, mtamjuaje wa Selander?