Mukuna yangu imeitwa upupu mbele za watu, leo nasema!!

Wanajamvi, salamu baadaye, nina hasira. Wa Muheza mnamjua ninayemsema, yule wa kofia, kila kikao cha wakulima yeye kiti cha mbele, kila mmea anaujua, hata ambao Mungu hajamaliza kuuumba yeye keshaupa jina. Leo kaja kwangu na kundi zima, kina mama na vijana, kasimama pale njiani, mtaro wenyewe hajavuka, kanyoosha kidole kwenye mukuna niliyopanda chini ya michungwa ifunike ardhi eti "huu ni upupu, huyu dada anafuga upupu, chomeni". CHOMENI. Watu wakarudi nyuma utasema wameona chatu.

Jamani kaangalia JANI. Nani anatenganisha upupu na mukuna kwa jani? Majani yote matatu matatu, yale ya pembeni yamelemea upande mmoja, maua yote zambarau yananing'inia, ukisimama njiani hata mimi siwezi kukwambia ipi ni ipi na mbegu nilifukia kwa mkono wangu. Unaangalia ganda! Ganda la upupu lina manyoya ya kahawia yanayong'aa, likishakauka ukiligusa kidogo tu yanapukutika, upepo ukipita umekwisha, utajikuna mpaka majirani wakusomee dua. La mukuna ni kubwa, nene, vinyweleo vifupi vimelala, unapapasa laini tu, na mbegu zake kubwa kuliko za ule wa porini.

Nikaona mabishano ya nini. Nikachuma ganda lililokomaa nikajisugua shavuni mbele yao wote, nikashuka shingoni, nikasugua mkono mpaka kwenye kiwiko. Hakuna mwasho wala nini. Nikamgeukia nikamwambia haya baba, sema sasa. Mnajua alisema nini?

"Subirini jioni."

Subirini jioni!! Na watu WAKACHEKA. Upupu gani unasubiri jioni nyie? Upupu unakuwasha hapo hapo ganda hujaliachia, mtoto wa chekechea anajua hilo, halafu mtu mzima na kofia yake anasimama mbele ya shamba langu anasema subirini jioni, upupu una zamu? Na jirani yangu, wa kuombana chumvi, akamvuta mwanae asinisogelee. Mimi! Mtoto amekula kwangu tangu ana meno mawili.

Mukuna ile imeniulia magugu, imenirudishia rutuba, ardhi chini yake inashika maji hata jua likiwaka, na vijana wakaanza kuifyeka kona ya juu mpaka nilipotoka na jembe. Hiyo kona nitapanda tena. Ila subirini jioni sitasahau. Sasa hivi saa mbili usiku, jioni imekuja imepita, shavu liko palepale, na hakuna hata mmoja aliyepiga simu kuuliza.

Mwana_Chumbageni: Ulikosea kujisugua wewe, ungemsugua YEYE, kesi ingeisha palepale 😂

Kibua_Mkavu: Dada usilale kwanza, huenda alimaanisha jioni ya kesho

Bibi_wa_Mitishamba: Mwanangu pole. Lakini na nyie mukiambiwa chomeni munakimbilia kiberiti, hamuulizi? Na upupu hauchomwi ovyo ukiwa mkavu, manyoya yanaruka mtaa mzima.

Jembe_na_Daftari: Tuweke sawa wakuu, upupu na mukuna ni spishi moja, Mucuna pruriens, ile isiyowasha ni aina ya kupandwa, wataalam wanaiita utilis. Kwa hiyo kwenye jina hajapotea sana. Kosa lake ni kuhukumu kwa jani. Halafu mbegu za mukuna msizile kiholela, zina levodopa, ndio hiyo hiyo inayotibu ugonjwa wa Parkinson, zisipolowekwa na kuchemshwa vizuri na maji kumwagwa zitakutapisha.

Mwenye uzi: Hajapotea SANA?? Mkuu kasema chomeni! Kasema subirini jioni! Wewe ulikuwepo wakinicheka?

Jembe_na_Daftari: Nimesema kwenye jina tu dada, usinirushie jembe na mimi

Kibua_Mkavu: Upupu ukikushika unapaka nini? Mimi shuleni tuliwekewa kwenye madawati, mpaka leo nikiliona dawati nakaa kwa adabu

Mwana_Chumbageni: Majivu

Bibi_wa_Mitishamba: Majivu, na usijikune, ukijikuna unaukandamiza ndani.

Mama_Twins_TA: Afadhali nyie mnawashwa tu. Mimi kuna mtu kanigongea mlango ananiuzia bangili za watoto za mbegu nyekundu zenye doa jeusi. Tipitipi hizo! Mtoto akitafuna mbegu mmepoteana, ni sumu kali. Namwambia anajibu "hizi ni zile za mti mkubwa". Zile za mti mkubwa ni nyekundu tupu, hazina jeusi popote! Nikamuonyesha doa, akasema ni uchafu.

Jembe_na_Daftari: Doa ni uchafu 😳 uliziosha?

Mama_Twins_TA: Nilimfukuza.

Zigi_Boy: Hapo bado hamjaonja ya utupa. Watu wa juu wanaponda majani wanamwaga mtoni, samaki wanaelea matumbo juu, mpaka vile vidogo vya kidole. Ukiwasema wanakwambia ni mti wa asili, haudhuru. Sasa samaki wamekufa na nini, aibu?

Bibi_wa_Mitishamba: Hilo ni la kuwapeleka serikali ya kijiji, sio hapa.

Zigi_Boy: Bibi, mmoja wao NI serikali ya kijiji

Michungwa_Tupu: Samahani kuingilia, machungwa shambani leo bei gani? Dalali kaja kwangu anataka mia na ishirini yahesabiwe mia moja, eti mengine yataoza njiani.

Mwana_Chumbageni: Mia na ishirini kwa mia? Mfukuze

Kibua_Mkavu: Amfukuze auzie nani, na mengine yameshaanza kudondoka?

Michungwa_Tupu: Ndio hapo sasa. Na mifuko anataka nitoe mimi.