Gundi mpya haishiki juu ya ile ya zamani, nifanyeje?

Mtoto_wa_Kisumu: Wadau, hamjambo. Marehemu baba alituachia viti sita vya mvule, vya meza ya kulia. Mguu wa nyuma wa kimoja ulianza kucheza, nikauchomoa, nikapaka gundi nyeupe ya mbao na kuukaza kwa mpira wa baiskeli usiku kucha. Wiki mbili tu, umeachia. Gundi yangu imebanduka nzima kama ganda, na ndani ya tundu kuna utando unaong'aa. Fundi mmoja huku Kibuye anasema nimwage epoksi, ile gundi ya kuchanganya sehemu mbili, humo humo. Mwingine anasema superglue. Nimsikize nani? Sitaki kuharibu kazi ya watu.

patasi_mbili: Adui yako ni huo utando. Gundi nyeupe hushika kwa kuzama kwenye nyuzi za mbao. Utando umeziba nyuzi, kwa hiyo mpya inakaa juu juu. Rudi hadi kwenye mbao yenyewe.

MamaRanda_Nakuru: Kwanza ujue ni gundi gani, ndugu yangu. Dondoshea maji ya moto. Ikiwa nyeupe na laini kama uji mzito, ni hii ya dukani. Ikiteleza, inanata na kunuka ngozi iliyochemshwa, ni ya wanyama, na hiyo haina taabu: mpya ya moto huyeyusha ya zamani zikawa kitu kimoja.

Mtoto_wa_Kisumu: Imekuwa nyeupe, mama.

MamaRanda_Nakuru: Basi loweka kitambaa kwenye siki ya moto, ukifungie kwenye ulimi wa mguu, ile ncha inayoingia tunduni, saa moja au mbili, kingine ukishindilie tunduni. Kwangua kwa patasi butu. Msasa weka mbali, unakula ulimi na kiungo kinalegea zaidi. Pangusa kwa maji safi, kisha uache ukauke siku mbili tatu. Unyevu wa ziwani hapo kwenu usiudharau.

patasi_mbili: Na yule wa epoksi hajakosea kabisa. Epoksi hung'ang'ania mabaki kuliko gundi nyingine, lakini ukiimwaga juu ya utando, nguvu yake ni ya huo utando. Tena ikishakauka, atakayekuja kukitengeneza baadaye atavunja mbao. Superglue ni ngumu lakini inakatika. Mtu akiegemea nyuma, kwisha.

Mtoto_wa_Kisumu: Nimekwangua, mbao imeonekana. Sasa ulimi unapwaya, pengo kama unene wa kadi ya benki.

patasi_mbili: Gundi nyeupe haijazi pengo hilo. Randa kipande chembamba cha mvule, kigundishe ubavuni mwa ulimi, nyuzi zielekee upande mmoja. Kikikauka, kichonge hadi ulimi uingie kwa kusukumwa na mkono, bila nyundo. Hapo gundi nyeupe inatosha, kaza sawasawa. Mimi epoksi ningeitumia tu pale tundu lenyewe limemong'onyoka, na hiyo usiikaze sana, itatoka yote.

MamaRanda_Nakuru: Na vile vitano vingine vitikise leo, kabla havijaanza kucheza.